Visomeo Viwili vya Mama Mkwe

Jumatatu, 11 Agosti 2025. Pangani, Kibaha.

Mke wangu Laurensia amerudi kutoka Kibuta kwa mama yake. Uso umemshuka. Nilikuwa nakula. Nikaendelea kula, nikidhani ni uchovu wa safari. Kosa la kwanza la wiki, na ndiyo kwanza Jumatatu.

Macho ya Mama yanakwenda. Daktari amesema tatizo liko nyuma ya jicho, katikati kabisa, na kilichokwisha kwenda hakirudi. Pembeni anaona. Katikati ni kama mtu ameweka dole gumba kwenye picha. Herufi ndogo zimekwisha. Zikiwa kubwa sana, bado.

Jambo hili lingemuuma mtu yeyote. Lakini mama mkwe wangu, Mwalimu Imakulata, amefundisha darasa la kwanza kusoma kwa miaka thelathini na tatu, na anasoma somo la kwanza kanisani tangu kigango cha Kibuta kifunguliwe. Tarehe 24 mwezi huu kigango kinatimiza miaka hamsini. Siku ya kwanza kabisa alisoma yeye, msichana wa miaka ishirini na moja. Anataka asome na siku hii, kisha aache. Basi. Hajaomba kingine.

Katekista Hilario alikwenda kumwambia kwa upole apumzike, Yosefina wa kwaya atasoma. Mama akavuta ungo. Alichambua kunde mpaka jioni. Laurensia anasema nusu ya alizotupa zilikuwa nzima.

Nikaacha kula. Nimeapa. Mimi Onesmo, afisa masjala, baba yake Agape, nitalimaliza hili.

Niandike na ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Kuna sababu ya pili. Mwaka jana mwanyumba wangu Calist, mume wa Adventina, mdogo wake Laurensia, alimpelekea Mama tenki la maji la lita elfu mbili. Mimi nilipeleka mbuzi. Mbuzi akafa Alhamisi. Tangu hapo watu wa Kibuta wakielekezana njia husema "pale kwenye tenki la Calist". Hakuna anayesema "pale alipofia mbuzi wa Onesmo". Afadhali.

Jumatano, 13 Agosti

Dawa imepatikana! Iko kwa Mudathir, fundi simu wa Maili Moja. Ni kibao chembamba cha kusomea vitabu, kimetumika kidogo. Kinaitwa kisomeo. Skrini yake haing'ai kama ya simu, imepoa kama karatasi ya gazeti. Herufi unazikuza mpaka neno moja linajaza uso wote. Chaji inakaa wiki tatu. Mudathir kaniambia, "Mzee, hiki chuma. Bibi atachoka yeye, chenyewe hakichoki." Nikamsahihisha kwamba si bibi, ni mkwe wangu. Akavua kofia.

Nimekipa jina: Kijivu.

Ofisini nikakifungulia jalada lenye namba. Kulia faida, kushoto hasara. Kulia pamejaa. Kushoto nimeandika "hakuna", nikapiga na mstari chini.

Saa kumi Calist akapiga simu. Sauti ya mtu mwenye habari njema inayomhusu yeye. Amesikia kwa Adventina, aliyesikia kwa Laurensia. Na yeye keshanunua kisomeo. Cha rangi. Kina taa ndani. Kinasoma hata kwa sauti! Akaniuliza changu kinasemaje. Nikamjibu changu kina adabu, kinanyamaza.

Nimerudi kwenye jalada. Nimekiita cha kwake Rangi, nikakiandikia hasara kumi na moja. Sijawahi kukiona.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimempigia Calist kama ndugu. Nikamwambia nina wasiwasi, nimesoma mahali kuwa mwanga wa vile vibao unachosha macho ya wazee. Akanishukuru sana. Akasema na yeye alitaka kunipigia, amesoma mahali kuwa visivyo na mwanga vinamfanya mtu akodoe. Nikamuuliza kasoma wapi. Akaniuliza mimi nimesoma wapi. Tukaagana kwa kutakiana afya.

Mpango: kesho nifike Kibuta kabla yake. Calist anakaa Kisarawe mjini, ana duka la vifaa vya ujenzi, yuko jirani na Kibuta kuliko mimi. Lakini ni mvivu wa kuamka. Nitaondoka na adhana.

Jumamosi, 16 Agosti. Kibuta.

Tumefika pamoja. Bodaboda yangu ikiingia uwanjani, pikipiki yake inazimwa. Naye aliondoka na adhana. Mtu wa ajabu.

Hapa panahitaji maelezo, endapo nitakuja kulisoma daftari hili nikiwa mzee nimesahau. Kwetu mkwe wa kiume hakai chumba kimoja na mama mkwe. Hampi kitu mkono kwa mkono. Hamtazami usoni. Miaka ishirini na sita nimemwamkia mama yake Laurensia kupitia dirishani. Naijua sauti yake, naujua mgongo wake, nazijua kanga zake zote. Ukinipa picha yake nimtaje, ningeomba muda.

Kwa hiyo masomo ya mashine yalifanyika kupitia ukuta. Mama ndani na binti zake wawili. Laurensia kashika Kijivu, Adventina kashika Rangi. Sisi wanyumba wawili barazani, juu ya vigoda, tumeelekea barabarani, tunapaza sauti.

Nikasema aguse juu kulia. Calist akasema atelezeshe kidole kushoto. Adventina akagusa juu kulia, Laurensia akatelezesha kushoto. Kijivu kikageuka Kijerumani. Nikasema rudi nyuma. Laurensia akauliza nyuma wapi, hiki kitu hakina nyuma! Wakati huohuo Rangi kikaanza kuongea, sauti ya mwanamke wa mbali anayesoma Kiswahili kama anahesabu mawe. Mama akasema kwa ukarimu wote, "Karibu mgeni, pita ndani, mbona unasimama nje?"

Calist hakucheka. Mimi nilikohoa kwa muda mrefu.

Tukaendelea hivyo saa moja. Kisha sauti ya Mama, taratibu, kama anafunga kipindi: "Waambieni wakwe zangu nimeshukuru. Wapumzike. Wameongea sana." Akavipokea vyote viwili.

Nimelichukua kama ushindi. Changu alikipokea cha kwanza. Adventina anadai vilikuwa sare.

Jumapili, 17 Agosti

Tumerudi Pangani. Njiani Laurensia alikuwa anaongea. Mama kaviweka visomeo kabatini, kwenye sahani za Krismasi. Hiyo ni heshima kubwa, sahani zile hazitoki hovyo. Mama ameagiza pia karatasi saba za manila nyeupe na kalamu za makapeni nyeusi, kasisitiza mara mbili. Nadhani ni mapambo ya jubilei. Nikasema sawa. Nilikuwa nawaza Kijerumani kile kimetokea wapi.

Jumanne, 19 Agosti

Hilario amenitumia kwenye simu picha ya somo lenyewe, la tarehe 24. Nimelichapa ofisini herufi kwa herufi ili niliingize kwenye Kijivu. Nikiwa aya ya pili nikahisi pumzi begani. Rajabu, mkuu wangu wa masjala. Akasoma kimya mpaka mwisho. Akauliza hilo ni jalada la idara gani. Nikasema la dharura. Akasema yeye si wa dini yangu lakini maneno ameyapenda, nimalizie nje ya saa za kazi.

Mchana nikampigia Hilario. Nikamshauri kwa unyenyekevu kuwa mashine zenye taa na sauti haziendani na utulivu wa ibada. Akavuta pumzi. Akasema Calist amempigia saa moja iliyopita kumshauri kuwa vibao vya kijivu vinafanana na mawe ya makaburini. Kisha akaniambia, "Baba Agape, mimi natafuta msomaji. Sitafuti maonyesho ya Sabasaba."

Akamalizia kwa sauti nyingine. Jumamosi kuna mazoezi. Mwalimu akisoma vizuri, atasoma Jumapili. Akishindwa, ni Yosefina, na itangazwe mapema ili Mwalimu asije akaaibika mbele ya Padre na wageni. Alisema hivyo kwa uchungu. Yeye mwenyewe alifundishwa kusoma na Mama.

Basi ni Jumamosi. Nimeshindwa kumaliza ugali.

Alhamisi, 21 Agosti

Laurensia ameniuliza kuhusu manila. Nikasema mambo mazito hayachanganywi na mapambo. Akanitazama. Nimeishi na macho hayo miaka ishirini na sita na bado sijayawekea jalada.

Jumamosi, 23 Agosti. Kibuta.

Ninaandika nikiwa nimekaa chini, nyuma ya kanisa. Naandika kwa mpangilio, nisije nikajitetea.

Mazoezi yalikuwa nje, kwa kuwa kesho misa ni nje, chini ya maturubai. Jua kali. Mama alisimama kwenye mimbari na kitambaa chake cheupe cha kichwani, binti zake kila upande. Sisi tulikaa mbali inavyotakiwa.

Rangi kilitangulia. Adventina akakiwasha. Kwenye jua lile skrini ikawa nyeusi tii, kama kioo. Mama akaangalia muda mrefu. Hilario akamuuliza kwa sauti ndogo anaona nini. Mama akasema, "Najiona mwenyewe." Watu wa kwaya wakainamisha vichwa.

Sitakana. Nilifurahi. Nilimgeukia Calist kabisa ili anione nimefurahi.

Kikaja Kijivu. Juani kinasomeka safi, kama nilivyoandika kwenye jalada. Herufi kubwa, maneno manne kwa ukurasa. Mama akaanza. Sauti ile ile ya miaka yote. Akasoma maneno matatu, na kama alivyofundisha watoto maelfu, na kama anavyosoma yeye tangu azaliwe, akapitisha kidole chini ya maneno.

Kisomeo kikiguswa hivyo kinafungua ukurasa mwingine.

Akapitisha kidole, ukurasa ukaruka. Akapitisha tena, ukaruka. Akawa anasoma maneno ya mwanzo yameunganishwa na ya katikati, kisha ya mwisho, kisha pakawa peupe. Laurensia akamnong'oneza asitumie kidole. Akakiondoa. Bila kidole jicho lake halishiki mstari, unapotea kwenye lile doa la katikati. Akajaribu tena. Akasimama katikati ya neno.

 

Mama akampa Laurensia kibao, akakunja miwani, akamwambia Hilario, "Mwanangu, mpe Yosefina." Akaenda kukaa.

Nyuma ya kanisa tumekaa mimi na Calist.  Akanikatia nusu ya muhogo wake wa kuchoma. Nikaupokea. Nilikuwa na hasara kumi na moja za Rangi mfukoni, nimezichapa. Nikazichana.

Jumamosi hiyohiyo, jioni

Laurensia alikuja nyuma ya kanisa akasimama mbele yetu. Akauliza manila ziko wapi.

Nikauliza manila gani.

Akasema, "Baba Agape. Manila saba na makapeni. Nimekwambia Jumapili. Nimekwambia Alhamisi." Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu.

Hapo ndipo tulipoelezwa, mimi na Calist, kama watoto wawili waliochelewa namba ya asubuhi shuleni. Mama hakuhitaji mashine tangu siku ya kwanza. Miaka thelathini na tatu amefundisha kwa manila ukutani, herufi moja sawa na kiganja. Akisimama hatua tatu mbali na kuelekeza macho pembeni kidogo, anasoma kila kitu, amejaribu na manila moja ya zamani iliyokuwa chini ya godoro. Calist akauliza kwa nini hakusema. Laurensia akasema Mama alisema, tena kwetu sisi, tulipokuwa barazani tukipiga kelele za kulia na kushoto. Na sisi hatukuuliza. Kwamba hatuwezi kukaa naye chumba kimoja, sawa. Ila ukuta ule unapitisha maneno pande zote mbili, na sisi tulitumia upande mmoja tu.

Calist alikuwa kwenye pikipiki kabla Laurensia hajamaliza. Akaenda Kisarawe mjini, akarudi na manila ishirini. Ishirini! Hajui kipimo huyu mtu.

Laurensia na Adventina waliandika sakafuni, kwa magoti. Mimi nikapewa rula na penseli nichore mistari, kwa kuwa ni mtu wa masjala. Nimechora mistari iliyonyooka sana. Mama alikuwa chumba cha pili akisoma kila manila ikikauka. Alipomaliza ya kwanza tulisikia, "Ya pili." Tukaenda hivyo mpaka ya saba. Hilario alikuwa amesimama mlangoni. Aliondoka bila kuaga, akaenda kuongea na Yosefina. Yosefina, wanasema, alipiga kigelegele kwa kuponea chupuchupu.

Jumapili, 24 Agosti

Upepo! Nani alipanga upepo?

Hilario aliazima ubao wenye miguu shuleni, manila zikabanwa juu yake. Wakati wa wimbo wa mwanzo ubao ukaanguka kifudifudi mbele ya Padre. Ukasimamishwa. Ukaanguka tena. Somo limefika. Mama amesimama hatua tatu mbali, mkononi ana fimbo yake ya kuonyeshea ya darasa la kwanza, na mbele yake hakuna kitu.

Hilario akatazama huku na huku akitafuta watu wawili warefu. Ndipo Mama akasema, kwa sauti ya kawaida, iliyoingia kwenye kipaza sauti na kufika mpaka barabarani: "Wakwe zangu si wapo?"

Wazee wakaguna. Wakwe? Mbele ya uso wake? Mzee Kitwana, jirani wa Mama, Mwislamu mgeni mwalikwa, alitikisa kichwa peke yake kama anayefikiri. Mama akaongeza, kama anatoa maelekezo ya mtihani: "Wageuze nyuso."

Tukaenda. Calist kona za kushoto, mimi kona za kulia. Tukanyoosha manila ya kwanza kati yetu. Calist kageukia kwaya, mimi nimegeukia kwenye mbuzi wa watu, chini ya mkorosho. Tumesimama hivyo mbele ya taifa zima la Kibuta kama milango miwili isiyopatana.

Akaanza.

Fimbo ilipita chini ya maneno, nikaisikia inakwaruza karatasi, na safari hii hakuna kilichoruka. Kila manila ikiisha aligonga mara mbili, nasi tukaidondosha na kuinua iliyofuata. Karatasi ikipepesuka upande wa Calist, nilivuta. Ikipepesuka upande wangu, akavuta. Mabega yaliwaka moto. Sijawahi kuwa karibu hivyo na mama mkwe wangu. Hatua tatu. Nilisikia anavyovuta pumzi kabla ya mstari mrefu. Mtu uliyemsikia dirishani miaka ishirini na sita, kumbe ana pumzi.

Hakukosea neno. Hata moja.

Alipomaliza ya saba, akagonga mara mbili. Kisha akasema polepole, "Shusheni." Tukashusha, mimi na Calist, pamoja, kama darasa. Na mkutano mzima ukaitikia, "Tumshukuru Mungu," halafu vigelegele, na Padre mwenyewe akavua miwani akaifuta. Macho yangu yalikuwa yanatoka maji. Nimewaambia ni vumbi. Calist naye amewaambia ni vumbi. Wala hapakuwa na vumbi, walimwagia maji asubuhi, kutoka kwenye lile tenki.

Wakati wa chakula Mama alituma ujumbe kupitia Adventina: wakwe zake wameshika vizuri, ila wa kulia alikuwa anashuka.

Wa kulia ni mimi.

Jumatatu, 25 Agosti. Pangani.

Nimetafakari kwa kina. Lazima mtu ajifunze kutokana na maisha, vinginevyo umri ni wa nini.

Nimegundua haya. Kwanza, nilishuka kwa sababu Calist alikuwa anavuta. Pili, mistari ya penseli, ambayo ndiyo siri ya mafanikio yote, ilikuwa yangu, na hakuna hata mmoja aliyeitaja. Tatu, nimepata habari kuwa Kibuta nzima sasa wanaziita "manila za Calist". Kwa sababu alizinunua tu! Kumi na tatu zimebaki, amempa Mama zote. Yaani ana tenki na ana manila.

Lakini Mudathir amenipigia saa nne. Kimetoka kisomeo kipya. Kikubwa, upana wake unakaribia manila. Kinakunjwa! Hakina haja ya kidole, kinafuata macho yenyewe. Nikamuuliza kama kinafuata na macho ya pembeni. Akasema, "Mzee, kinafuata chochote." Nimemwambia akiweke. Nimefungua jalada jipya. Hasara: hakuna.

Krismasi Mama anaomba asome mara moja tu nyumbani, mbele ya wajukuu. Nitamshangaza. Calist hajui. Laurensia hajui. Safari hii hakuna kumuuliza mtu, kuuliza ndiko kulikotuchelewesha.

Laurensia amesimama mlangoni sasa hivi. Anasema Mama ametuma ujumbe kuhusu hiyo Krismasi, kuna kitu kimoja kidogo anakitaka, nisikilize vizuri.

Nimemwambia asubiri kidogo. Niko kwenye simu na Mudathir.